Ghalati katika Hoja juu ya Kichifundi

Husikika mara kwa mara, barazani na hata katika vyumba vya mihadhara, kwamba lugha ya wenyeji wa kisiwa cha Funzi, kusini ya Msambweni, si Kiswahili bali ni Kidigo. Hoja yenyewe ni hii: Kidigo hutumia chi- mahali pa ki-, Kichifundi nacho hutumia chi-, basi Kichifundi ni Kidigo. Tukibadilisha maneno na kuuacha muundo ule ule, kosa hujitokeza mara moja: ngalawa huelea, gogo nalo huelea, basi gogo ni ngalawa. Ghalati hii ya mantiki napendekeza tuiite "sifa shirika".

Nurse na Hinnebusch (1993) wameviweka Kiswahili na Kidigo katika jamii moja ya Sabaki, pamoja na Kipokomo na Kingazija. Ndugu kufanana si ajabu. Na majirani, kama tujuavyo, huazimana. Kiambishi kimoja hakiwezi kukata shauri ambalo lataka kanuni za sauti, msamiati wa msingi na sarufi kwa jumla.

Ghalati ya pili ni sugu zaidi. Mtu akitajiwa maelezo ya Lambert (1958) juu ya lahaja hii, hujibu kwamba Mswahili hasa hasemi hivyo. Mswahili hasa ni nani? Ni yule asemaye Kiswahili. Na Kiswahili ni kipi? Ni kile asemacho Mswahili hasa, yaani kile cha vitabuni. Hii ni "hoja duara". Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa lugha ya vitabu na shule. Haukuamua nani ni Mswahili. Ingekuwa hivyo, Al-Inkishafi, ambao wasemaji hawa hawa huusomesha kwa fahari, ungekuwa nje ya fasihi yetu. Wala jambo hili si la barazani tu: mwalimu akiiamini hoja hii, mtoto wa Funzi atahesabiwa si kwamba hajajua sanifu, bali kwamba hana Kiswahili kabisa.

Watetezi wa Kichifundi nao hawakusalimika. Wasemapo kwamba lahaja hii ni kongwe, kwa hiyo ndiyo safi, wanaufanya umri kuwa ushahidi wa jambo jingine. Ghalati hiyo sijaipatia jina linaloniridhisha.