Lugha ya Sanamu: Kazi za Mati Diop

Mati Diop alizaliwa Paris mwaka 1982, kwa mama Mfaransa na baba Msenegali, mwanamuziki Wasis Diop. Ami yake, Djibril Diop Mambéty, ndiye aliyetengeneza sinema iitwayo Touki Bouki (1973). Naye Mati alimrudia mchezaji wake mkuu katika Mille soleils (2013). Wahakiki wengi huishia kwenye nasaba hiyo. Kwangu mimi, kazi zake zafaa kupimwa kwa swali jingine: ni nani anenaye, na kwa lugha gani?

Katika Atlantique (2019), iliyopata Tuzo Kuu ya Cannes, vijana wajenzi wa Dakar walionyimwa ujira wazama baharini, kisha roho zao zawapanda wasichana na kumdai tajiri. Watu hao hunena Kiwolof, nacho hakikutiwa kuwa pambo: tajiri ni Msenegali mwenzao, hawezi kujitia haelewi.

Dahomey (2024), iliyotunukiwa Dubu wa Dhahabu huko Berlin, ni kazi ngumu zaidi. Yahusu vitu 26 vilivyochukuliwa na jeshi la Ufaransa lililoingia Abomey mwaka 1892, vikarudishwa Benin Novemba 2021. Sanamu ya Mfalme Ghezo, iliyopewa nambari 26, yanena Kifon kutoka sandukuni na kulalamikia nambari hiyo. Hapa kalamu yangu ilikwama: sanamu inanena, au ananena? Kifaransa hakimlazimishi mtu kuchagua baina ya kitu na kiumbe. Kiswahili chamlazimisha, na katika ngano zetu kisichokuwa na roho kikipata kauli aghalabu hupata na upatanisho wa kiumbe. Sinema nzima imesimama juu ya uchaguzi huo.

Hata hivyo, Kifon hicho ni tafsiri. Maneno ya mfalme yalitungwa kwa kushirikiana na Makenzy Orcel, mwandishi wa Haiti, na sauti ikageuzwa kwa mitambo hata uzito wake wazidi maana yake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi, ambao mabishano yao ndiyo sehemu bora kabisa, wabishana kwa Kifaransa. Sanamu haiwajibu, wala wao hawaisikii; twaisikia sisi watazamaji tu, tena wengi wetu kwa kusoma maandishi yaliyo chini ya picha.