Namna ya Kupima Anguko la Mwizi

Kuna filamu ya vichekesho vya wizi inayosifiwa kila kona siku hizi. Nimeitazama. Jambazi anapoteleza ngazini, tunaonyeshwa uso, kisha kiatu, kisha sakafu, na kishindo cha kubandika juu yake. Pale hapakuanguka mtu. Ni vipande vilivyoungwa, na inauma kuona vinapigiwa makofi.

Anayetaka kuijua kazi nzuri aanze na mwizi mwenyewe: awe anauamini wizi wake. Akishaitazama kamera kuomba kicheko, amekwisha. Na filamu isizidi dakika 90. Katika hilo sina mjadala.

Lakini jambo ambalo mgeni hulikosa kila mara ni mguu. Yeye hutazama uso. Wewe tazama hatua ya mwisho kabla ya kuteleza. Mwigizaji dhaifu hupunguza mwendo na magoti hulegea mapema, kwa sababu mwili wake unajua kinachokuja. Fundi hukanyaga kwa uzito wote, kama mtu anayewahi basi. Ndiyo maana shoti lazima iwe pana, mwili uonekane kuanzia kofia hadi unyayo, na isikatwe mpaka mgongo uguse chini. Mhariri akikata katikati, anaficha kitu.

Mchekeshaji Buster Keaton hakuficha. Katika Sherlock Jr. ya 1924, anapowasaka wezi katika ndoto, msaidizi wake anaporomoka kutoka kwenye pikipiki. Aliyeporomoka ni Keaton mwenyewe, kavaa nguo za mwenzake. Humo humo, maji ya bomba la reli yalimwangusha akavunjika shingo, na akaja kujua miaka mingi baadaye. Filamu ilipotoka haikupokelewa kama zile zilizoitangulia. Mwaka 1991 Marekani iliiweka katika orodha yake ya filamu za kuhifadhiwa.

Home Alone ya 1990 nayo wahakiki wengi waliipokea kwa uvuguvugu. Hata hivyo wale wezi wawili wanaanguka kweli, kwa miili ya mastanti Troy Brown na Leon Delaney. Enzi za banda la video, anguko la namna hiyo lilifanya watu wadai mkanda urudishwe nyuma. Leo hakuna anayedai.

Kabla hujaisifu filamu, zima sauti, urudie anguko moja. Lisipokuchekesha likiwa kimya, usiipe sifa.