Silinda Namba Tatu: Jinsi Joto la Injini ya Beetle Lilivyodhibitiwa

Volkswagen Beetle haina rejeta ya maji, haina pampu ya maji, wala haina mpira wa maji wa kupasuka njiani. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba gari hili halichemshi. Linachemsha, tena kwa njia ya hatari zaidi kuliko gari la maji, maana halitoi mvuke wa kumtahadharisha dereva na kiwandani halikuwekewa geji ya joto. Mara nyingi mwenye gari hugundua siku valvu ya ekzosi ya silinda namba tatu inapokatika na kichwa chake kuangukia pistoni. Hapo hakuna tena la kurekebisha. Ni kufungua injini yote.

Kwa nini iwe namba tatu, wakati silinda ziko nne? Anayelijua jibu hilo anajua karibu kila kitu kuhusu joto la Beetle, na ndilo litakaloongoza uchambuzi huu.

Njia ya hewa

Injini ya Beetle imelala nyuma, silinda mbili kila upande. Kila silinda imezungukwa na mapezi ya chuma, na silinda hedi zake za aluminiamu nazo zina mapezi. Juu ya injini limesimama kasha la bati lenye feni ndani. Feni imefungwa kwenye mhimili wa dainamo, na dainamo inazungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya injini. Feni huvuta hewa kutoka chumba cha injini, ambako imeingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma. Huishindilia ndani ya kasha, kisha huisukuma ipite katikati ya mapezi na kutokea chini ya gari ikiwa ya moto. Injini ikiwa kwenye kasi, hewa hiyo hufika takriban lita 500 kwa sekunde.

Mfumo huu unasimama juu ya sharti moja: hewa baridi ikae juu, hewa ya moto ikae chini, na zisikutane. Mabati yote yanayoizunguka injini, na mpira unaoziba mwanya kati ya mabati hayo na bodi ya gari, yapo kwa kazi hiyo tu. Tundu moja likiwa wazi upande wa juu, hewa ya feni inatorokea hapo bila kugusa mapezi. Mpira ukikatika, hewa iliyokwisha kupashwa na ekzosi inapanda tena, feni inaivuta, na injini inapozwa kwa joto lake yenyewe.

Tatizo na dawa ya kiwandani

Oili ya Beetle nayo ina rejeta yake ndogo. Katika injini za zamani, rejeta hiyo ilisimama ndani ya kasha la feni, upande wa kushoto, juu ya silinda namba tatu. Hewa iliyopita hapo iliondoka na joto la oili, ikapungua kasi, na ndiyo hiyo iliyopelekwa kuipoza namba tatu. Silinda nyingine zilipata hewa safi, hii ikapata hewa iliyokwisha kutumika.

Injini ilipokuwa ndogo, kasoro hiyo ilivumilika. Beetle za baada ya vita zilikuwa na injini ya cc 1,131 yenye nguvu za farasi 25 tu. Kadiri miaka ilivyokwenda injini ilikua hadi cc 1,584 na nguvu za farasi 50. Nguvu iliongezeka mara mbili, na joto likaongezeka pamoja nayo, wakati nafasi ya rejeta ya oili ilikuwa ileile.

Dawa ya kwanza ya wahandisi wa Volkswagen kule Wolfsburg iliwekwa kwenye distributa. Katika baadhi ya distributa za Volkswagen, kemu ilichongwa ili cheche ya namba tatu ichelewe kidogo kuliko za wenzake. Hiyo ilipunguza joto la silinda hiyo, lakini haikugusa chanzo chake.

Dawa ya kweli ilikuja na magari ya modeli ya 1971, yaliyoanza kutengenezwa Agosti 1970. Rejeta ya oili iliondolewa kwenye njia kuu ya hewa, ikasogezwa mbele na kupewa chumba chake pembeni ya kasha. Feni ilipanuliwa ili hewa itoshe sehemu zote mbili. Jambo la maana zaidi ni kwamba hewa ya moto iliyotoka kwenye rejeta ilitengenezewa njia ya bati ya kuitoa nje ya chumba cha injini kabisa. Namba tatu ikapata hewa safi kama silinda nyingine. Injini haikubadilishiwa aina ya upoozaji wala haikuongezewa maji. Kilichobadilishwa ni njia ya hewa, na ndivyo joto la Beetle lilivyotibiwa.

Mafundi wengi wanafahamu kwamba kasha hilo jipya huweza kufungwa kwenye injini ya zamani. Kosa linalotokea ni kufunga kasha, feni na rejeta, kisha kuyaacha yale mabati madogo ya kutolea hewa kwa kuwa hayakuja na mzigo. Bila hayo, moto wa oili unamwagika ndani ya chumba cha injini na feni inauvuta upya. Mwenye gari amegharamika, na joto liko palepale.

Ukaguzi unaofuata mantiki hiyo

Gari likiletwa gereji kwa joto, ukaguzi uanze kwenye hewa kabla ya jambo jingine lolote. Pitisha vidole kwenye mpira unaozunguka chumba cha injini, pande zote. Mahali ulipokauka, ulipopasuka au usipokuwepo, umepata kosa la kwanza. Kisha tazama waya za plagi zinapoingia kwenye bati. Kila waya ina kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la plagi. Ni kitu kidogo kinachopotea siku ya kubadilisha plagi, na hakuna anayekitafuta. Likikaa wazi, tundu hilo huvujisha hewa mahali ambapo silinda hedi inaihitaji kuliko popote.

Tazama pia midomo miwili ya kasha inayopeleka hewa kwenye maboksi ya hita. Huku kwetu hita huondolewa kwa kuwa hakuna baridi ya kuihitaji, na midomo inaachwa wazi. Izibwe. Baada ya hapo ingia chini ya gari. Kati ya mabomba ya pushirodi, chini ya silinda, panatakiwa kuwa na bati linaloilazimisha hewa kuukumbatia upande wa chini wa silinda. Bati hilo hurukwa sana injini inapofungwa upya, kwa sababu injini inawaka vizuri bila ya hilo. Inawaka, ila sehemu ya chini ya kila silinda inaachwa iungue.

Mapezi nayo yasafishwe. Oili inayovuja ikichanganyika na vumbi la barabara ya murram huganda na kuyafunika mapezi, na mapezi yaliyofunikwa hayatoi joto. Mkanda wa feni, ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, uingie ndani kama milimita 15. Na taa nyekundu ya dainamo ikiwaka safarini, simama mara moja. Mkanda ukikatika dainamo haizunguki, na feni imesimama pamoja nayo.

Themostati isitupwe. Iko chini ya silinda za kulia, na kazi yake ni kufungua vizuizi vya hewa injini inapofika nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi. Ikitoboka hutanuka na kuviacha vizuizi wazi, kwa hiyo kuharibika kwake hakuiunguzi injini. Kuing'oa kunaifanya injini ikae baridi kwa muda mrefu kila asubuhi, na oili nzito huchelewa kufanya kazi yake.

Moto, valvu na oili

Hewa ikiwa sawa, ndipo ugeukie moto. Taimingi iliyowahishwa mno hupandisha joto la silinda hedi na kuleta mgongano ndani ya silinda. Kabureta inayovuta hewa ya wizi kwenye gasketi au kwenye mhimili uliolika hutoa mchanganyiko wenye petroli pungufu, na mchanganyiko huo huwaka kwa moto mkali.

Tapeti zipimwe injini ikiwa baridi kabisa. Kwa injini nyingi za Beetle nafasi ni milimita 0.15. Hapa fundi makini hukaa zaidi kwenye valvu ya ekzosi ya namba tatu. Akiikuta nafasi imeziba, airekebishe na kuandika tarehe. Akirudi kwenye huduma inayofuata akaikuta imeziba tena, hiyo si tapeti iliyolegea. Ni valvu inayorefuka kwa joto, au inayozama kwenye kiti chake, na imekaribia kukatika. Gari lisiendeshwe kwanza, silinda hedi ifunguliwe. Kipimo chembamba cha bati kinachopima nafasi hiyo ndicho onyo la mapema ambalo kiwanda hakikuliweka kwenye dashibodi.

Oili ni lita 2.5 tu, na inabeba sehemu kubwa ya joto la injini. Ibadilishwe kila kilomita 5,000 na chujio la waya lisafishwe. Ukifunga geji ya joto la oili, nyuzi 80 hadi 110 ni hali ya kawaida. Ikipita 120, simama utafute sababu.

Dereva naye ana sehemu yake. Feni inafuata kasi ya injini. Anayepanda mlima mkali kama Kitonga kwa gia kubwa, mguu umekandamiza na injini inaguguma, anaidai injini nguvu nyingi huku akiinyima hewa. Ashushe gia, injini izunguke haraka zaidi, feni ipulize.

Hukumu

Magari haya yalishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, katika vumbi, matope na jua la Afrika Mashariki, yakipozwa kwa hewa tu. Hakuna sababu ya Beetle nzima kuchemsha barabara ya lami leo. Linalochemsha, mara nyingi, limepunguziwa kitu: bati, mpira, kifuniko cha plagi, au uangalizi wa tapeti.

Mwenye gari hukimbilia kununua rejeta ya oili ya ziada. Inapoza oili, lakini hairudishi hewa iliyotoroka kwenye silinda hedi, na namba tatu inaendelea kuungua huku geji ikionyesha nafuu. Fedha hiyo itumike kwanza kwenye mabati na mipira. Na kabla hujamkabidhi fundi injini yako, hesabuni pamoja kila bati lililopo na kila lililokosekana, muandike orodha, na gari lisitoke gereji hadi orodha yote irudi mahali pake.