Bango la Duka: Matini au Kero?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti udhibiti wa matangazo ya nje. La kuzingatiwa ni ujirani wake: kipengele kile kile chataja uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo za umma. Bango la kinyozi, basi, limepangwa safu moja na moshi.

Mpangilio huo unaeleza tabia ya vibali. Hupimwa ukubwa wa ubao, mahali ulipo na ada yake; maneno hubaki pembeni. Kampuni kubwa hulipa ikaendelea kunena. Mwenye kibanda asiyeimudu ada hufuta maandishi yake, na ukuta ukawa bubu.

Hasara hiyo ni ya lugha pia. Aliyeandika kwa brashi neno "Hoteli" mahali pa chai na mandazi, pasipo kitanda hata kimoja, hakukosea. Alinakili maana iliyokwisha kuzaliwa vinywani mwa watu.

Mwaka 1977 jimbo la Quebec, nchini Kanada, liliamuru mabango ya biashara yaandikwe kwa Kifaransa pekee. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitangua amri hiyo. Amri ilipita kiasi, lakini ilitambua kwamba bango ni lugha kabla ya kuwa ubao. Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, hakihitaji shuruti ya namna hiyo. Kinahitaji sheria ijuayo kusoma.