Shingo ya Twiga, Kiuno cha Nyigu

Waandishi wenzangu, hebu fungueni madaftari yenu ya hadithi. Msichana akiingia tu, utakuta shingo ya twiga, kiuno cha nyigu, rangi ya maji ya kunde. Akae Mwanjelwa au Kihesa, ni yule yule. Mweusi tii, miguu imekaza kwa kupanda vilima na mzigo wa kuni, huyo hatumwandiki. Ajabu, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita krimu za kujichubua tangu 1969, pamoja na vimini na mawigi. Sisi tunazipaka kwa kalamu.

Nami nimo. Riwaya yangu, iliyokwama sura ya nne, ilianza hivyo hivyo, na mimi mwenyewe ni mweusi, tena mfupi! Dada alisoma akaniuliza, "Sasa huyu anafanya kazi gani?" Nilinuna siku mbili.

Ndipo nikarudia Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando. Wanawake wale wanaohangaika kusimamisha nguzo tunawajua kwa kazi na magomvi yao, si kwa viuno. Kezilahabi naye, katika Rosa Mistika (1971), anaonyesha mwili wa mwanamke ukipimwa kama bidhaa: Charles anamkataa Rosa kwa kuwa si bikira. Hapo nampa heko. Ila nina ubishi naye: mbona anayekufa ni Rosa?

Sura yangu ya kwanza nimeichana. Msichana sasa anachuma pareto. Rangi yake nimeitaja mara moja tu: mweusi.