Kijani si Kimoja

Huu mwezi wa nne nahangaika na mto wa watu. Ni mto Stour, kule Suffolk, Uingereza, kama John Constable alivyouchora mwaka 1821 katika picha yake The Hay Wain. Mkokoteni umesimama majini, kushoto iko nyumba ya mkulima Willy Lott, na ukingoni kuna mbwa anautazama mkokoteni kana kwamba anaujua. Picha yenyewe iko National Gallery, London. Upana wake ni sentimita 185. Mimi nimejikatia kipande cha kushoto tu, nyumba na mti na maji, kwenye turubai ya sentimita 40. Mwanagenzi hujitwika mzigo anaouweza.

Kuna wanaodharau kunakili. Constable hakudharau. Mwaka 1823, akiwa mgeni wa Sir George Beaumont huko Coleorton, alikaa akinakili kazi za Claude Lorrain, fundi aliyekufa zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo. Alikuwa na umri wa miaka 47, na The Hay Wain alikwisha kuimaliza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kijani. Nilichanganya buluu na manjano, nikapata bonge moja zito la rangi, nikaupaka mti wote. Ukawa kama ukuta wa ofisi. Ikabidi niketi niutazame mti wa Constable tawi kwa tawi. Penye kivuli karibu na paa, kijani kimekaribia kahawia. Kwenye majani yanayoelekea mwanga kina umanjano wa embe linaloanza kuiva. Pembeni, majani yanapokutana na mawingu, kimeingiwa na kijivu. Mchoraji Delacroix aliandika katika shajara yake kwamba Constable alisema ubora wa kijani cha malisho yake unatokana na vijani vingi tofauti vilivyowekwa pamoja. Sasa kibao changu kina vichungu tisa vya kijani, na bado havitoshi.

Halafu kuna wekundu kwenye matandiko ya farasi wanaouvuta mkokoteni. Ni kidogo mno. Lakini ziba sehemu hiyo kwa kidole gumba, uone malisho yote yanavyopoa. Ondoa kidole, yanachangamka tena. Hapo nilielewa kwamba rangi hupata nguvu kwa jirani yake.

Mafuta nayo yana sheria zake. Tabaka la chini huwa jembamba, limezimuliwa kwa tapentaini. Yanayofuata huongezwa mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio, la juu hukauka upesi huku la chini likiendelea kujongea, na picha hupasuka. Kwa hiyo unapaka, unangoja. Mwisho kabisa huja vile vidoa vyeupe vya mwanga juu ya majani na maji, ambavyo wahakiki wa zama za Constable walivikejeli wakiviita theluji. Mkono hugusa na kuondoka; ukisugua tu, umeharibu.

Kinachonifariji ni kwamba hata yeye hakuifikia picha hii kwa mkupuo mmoja. Kwanza alichora rasimu ya mafuta yenye ukubwa uleule wa picha kamili, ambayo leo iko Victoria and Albert Museum, hapohapo London. Ndipo akaanza upya kwenye turubai nyingine. Yaani alijinakili mwenyewe.

Zamani kungoja rangi ikauke kulinikera. Jana jioni niliyakwangua maji kwa kisu, mara ya tatu, kwa sababu yalikuwa yamelala kama bati. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikatoka bila ubishi. Hii ndiyo hisani ya mafuta kwa anayejifunza: hayana haraka ya kulifanya kosa lako kuwa la kudumu.