Harufu ya Spiriti

Saluni ya kiume ya Biharamulo mjini huijua kwa pua kabla hujakiona kioo chake. Kuna poda iliyopanguswa kisogoni, kuna mafuta ya nywele, kuna pafyumu ya kopo anayojipulizia kijana anayewahi harusi, na juu ya zote kuna spiriti, kali na ya baridi, inayopanda puani kila kinyozi anapoinyunyizia mashine. Rafu ya vipodozi iliyo nyuma ya kiti ndiyo hupewa sifa zote. Chupa zake zina picha za wanaume wenye ndevu zilizochongwa kama kwa rula, na kila moja inaahidi kumgeuza anayeipaka. Mimi nataka kusifu kisichokuwa na picha. Katika yote ambayo mwanamume hujipaka, hujipulizia na hujinyolea, chenye thamani kuliko vingine ni mkono wa kinyozi, na ushahidi wa mkono huo ni harufu ya spiriti. Poda unapakwa wewe, pafyumu unaondoka nayo wewe. Spiriti peke yake humwagwa kwa ajili ya mtu mwingine: wewe unainusa kwa sababu ya aliyenyolewa kabla yako, na atakayekaa kitini baadaye atainusa kwa sababu yako.

Wapo watakaosema kwamba kunukia na kujipamba si mambo ya mwanamume wa huku bara, kwamba ni tabia iliyoletwa na basi la Mwanza au na simu. Historia ya nchi hii haikubali. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita Usui, nchi ya mtawala Suwarora, ambayo leo imo Biharamulo na Ngara, akiwa njiani kwenda Karagwe. Aliandika kwamba wafugaji wa Uzinza, nchi iliyoibeba Usui ndani yake, walijipaka siagi, na puani mwake ilikuwa siagi iliyochacha. Pua ya mgeni ilisikia uvundo pale ambapo mwenyeji alisikia ng'ombe, mali na ngozi isiyopasuka kiangazi. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, manukato yana jina lake la kale, imibavu, na katika nchi zote za Maziwa Makuu vyombo vya maziwa vilifukizwa moshi wa majani ili maziwa yakae na yanukie vizuri. Pwani nako mwanamume hakwenda msikitini siku ya Ijumaa bila kanzu yake kupitishwa juu ya chetezo cha udi. Hakuna aliyemwona amepungukiwa uanaume.

Tena katika habari hizo kuna jambo linalonisaidia. Manukato mengi ya mwanamume yalianza kazi yakiwa kinga au dawa. Siagi ilikinga ngozi, moshi ulizuia maziwa yasiharibike upesi. Maji ya Köln, ambayo Giovanni Maria Farina alianza kuyauza katika mji huo wa Ujerumani mwaka 1709, kwa sehemu kubwa ni alkoholi, na kwa muda mrefu watu waliyanunua kama tiba. Karafuu ya Pemba, ambayo mafuta yake yamo katika maji mengi ya kupaka baada ya kunyoa, ina kiini kiitwacho eujenoli kinachoua vijidudu na kutuliza maumivu, na ndiyo maana chumba cha daktari wa meno kinanukia karafuu. Basi spiriti ya kinyozi ni ndugu wa manukato hayo, iliyobaki katika kazi yao ya asili baada ya wenzake kwenda kukaa katika chupa za vioo.

Pingamizi la pili ni la mfukoni. Kwa nini kumlipa mtu ilhali wembe wa plastiki unauzwa kila duka, pamoja na krimu na maji ya kutuliza ngozi? Jibu limo katika unywele wenyewe. King Camp Gillette alipata hataza ya wembe wake wa usalama mwaka 1904 huko Marekani, na tangu hapo kiwanda kimekuwa kikishindania jambo moja, kukata chini zaidi. Mwaka 1971 kikatoa wembe wa makali mawili: la kwanza huuvuta unywele, la pili huukata, na kilichobaki hurudi kujificha chini ya ngozi. Kwa ndevu zilizonyooka huo ni ulaini. Kwa ndevu za kipilipili ni mwanzo wa taabu, kwa kuwa unywele wetu hutoka katika shina lililopinda, na ukikatwa kwa mshazari chini ya ngozi, ncha yake iliyochongoka huota ikijirudia ndani. Ngozi huuona kama mwiba, ikavimba. Ndivyo vile vipele vya kidevuni na shingoni ambavyo wengi hudhani ni uchafu au joto, wakanunua sabuni kali na krimu ya pili kutibu ulichosababisha wembe wa kwanza. Madaktari wa ngozi wanashauri kutonyoa chini sana: kutumia mashine inayobakiza nywele fupi kama milimita moja, kufuata zinakolala, kutoivuta ngozi. Kinyozi mzuri hufanya hivyo kila siku bila kuandikiwa na daktari. Hupitisha kidole shingoni kujua nywele zinaelekea wapi, maana chini ya taya huenda zikalala upande mmoja na hatua mbili mbele zikageuka, kisha mashine hufuata kidole. Hakuna chupa yenye kidole.

Lugha yetu yenyewe ilihifadhi kipande cha ufundi huu. Tukisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, kwa kawaida tunaonya juu ya balaa inayosogea, lakini aliyeitunga methali alikuwa amewahi kukaa karibu na wembe. Unywele mkavu ni mgumu. Ukiloweshwa dakika chache hunywa maji, hulainika, na wembe hauhitaji nguvu kuukata. Asiyetia maji hukwaruzwa. Kabla krimu yoyote haijafungwa kiwandani, Waswahili walikuwa wanajua kwamba kunyoa huanza kabla ya wembe kugusa ngozi.

Lakini kiini cha hoja yangu ni spiriti, na spiriti ina historia nzito katika mkoa huu wa Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka humu, mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilibeba vijana, ikaacha nyumba mikononi mwa mabibi na watoto, na ikabadilisha namna mtu wa huku anavyokitazama kitu chenye makali. Virusi hivyo vilienea zaidi kwa njia ya kujamiiana, lakini wembe wa kuchangia uliingia katika orodha ya hatari ambayo kila mtoto wa shule aliikariri, na ulistahili kuingia. Aliyezoea kunyolewa chini ya mti kwa wembe uliopita vichwa vitano alianza kuuliza. Nasema ufundi wa kinyozi katika Kagera ulizaliwa upya katika swali hilo. Ilibidi kazi ambayo zamani ilipimwa kwa uzuri wa kichwa ipimwe kwanza kwa usalama wa damu, na mafundi wakaitikia: wembe mpya ukafunguliwa mbele ya mteja, karatasi yake ikichanwa aione, na spiriti ikamwagwa mahali anapoweza kuinusa. Kufanya usafi wazi, mbele ya macho ya anayehusika, ni adabu ambayo sehemu nyingi za huduma katika nchi hii bado hazijaifikia.

Hapa ndipo lilipo pingamizi lenye nguvu kuliko yote, nami silikwepi. Mtu anaweza kusema kwamba spiriti hiyo ni ibada tu, matone mawili juu ya mashine iliyojaa nywele, harufu inayomtuliza mteja bila kuua chochote. Mara nyingine ni kweli. Alkoholi haipenyi rundo la nywele na mafuta. Lazima burashi itangulie. Haiui papo hapo. Lazima chuma kibaki kimelowa kwa muda, naye kinyozi mwenye foleni ya Jumamosi huona dakika moja ni ndefu. Na aliye na pupa ya kutumia kali zaidi hukosea pia, kwa kuwa alkoholi ya asilimia 70 hufanya kazi vizuri kuliko ile inayokaribia kuwa tupu: maji yaliyomo huisaidia kupenya ndani ya kijidudu, wakati kali mno huligandisha ganda lake la nje na kuyeyuka hewani kabla haijamaliza. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7, na kuvu wa mapunye ni mkaidi kuliko virusi vingi. Hata yale masanduku yenye taa ya zambarau husafisha tu pale mwanga unapofika, na kivuli cha unywele mmoja kinatosha kumficha adui. Haya yote nayakubali, na naona yanaithibitisha hoja yangu. Kama spiriti ingefanya kazi yenyewe, ingekuwa bidhaa kama nyingine, na sifa ingekwenda kwa kiwanda. Kwa kuwa haifanyi kazi bila burashi, bila subira na bila kujua kiasi, sifa ni ya aliyeishika. Harufu ileile huweza kutoka kwa mvivu na kwa fundi. Tofauti iko katika dakika moja ambayo fundi huitoa bure, na mteja akiijua dakika hiyo anaweza kuidai.

Watu huuliza pia kama hii ni kazi au ni pa kujishikiza, maana kijana asiye na ajira hununua mashine Jumatatu na Jumatano akajiita kinyozi. Mashine kweli imerahisisha mengi, na umeme umeifikisha mbali. Maporomoko ya Rusumo, pale Ngara inapotazamana na Rwanda, sasa yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, wakati zamani mjini kulitegemewa jenereta za dizeli na kichwa kiliweza kubaki kimenyolewa nusu umeme ulipokatika. Lakini mashine haimfundishi mtu kushusha nywele polepole kutoka utosini hadi ngozi ya kisogo pasionekane ngazi, wala kuchonga mstari wa paji kwa dereva wa lori aliyeshuka Lusahunga akiwa na vumbi la siku mbili, ambaye hatapita tena wiki hii ili kosa lirekebishwe. Wala haimfundishi kutambua. Mapunye yanayoanza kama kidoa chenye magamba, vinundu vya kisogoni ambavyo huzidi kila nywele zinapokatwa chini mno, kidonda kisichopona nyuma ya sikio: wa kwanza kuviona ni kinyozi, kwa sababu mwenye kichwa hawezi. Madaktari wa ngozi nchini ni wachache mno, ingawa Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kuwafundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Kati ya mgonjwa wa Nyakanazi, huku Biharamulo, na Moshi, aliyesimama karibu na ngozi ni kinyozi. Imani anayopewa aliyesimama karibu hivyo imewahi kupimwa kwa nambari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Los Angeles, wanaume weusi 319 wenye shinikizo la damu waligawanywa kwa kufuata vinyozi wao. Waliokutana na mfamasia palepale kitini shinikizo lao la juu lilishuka kwa wastani wa milimita 27 za zebaki, na walioshauriwa tu na kinyozi wabadili mtindo wa maisha na kumwona daktari lao likashuka kwa 9. Dawa ndiyo iliyowashusha, lakini iliwafikia kwa sababu walikuwa tayari wameinamisha shingo mahali wanapopaamini.

Imani hiyo inamdai kinyozi jambo moja zaidi, na hapa naona baadhi wanakosea. Rafuni, kati ya poda na mafuta, siku hizi hukosi kopo la kung'arisha uso, na wanaume wameanza kupakwa mkorogo kwa jina la usafi. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini mkaguzi hakai katika kila banda la Nyakahura. Aliyejifunza kusubiri dakika ya spiriti kwa ajili ya mtu asiyemjua hawezi kwa mkono huohuo kumpaka mteja wake sumu. Akifanya hivyo, spiriti yake imekuwa pafyumu.

Mwisho wa kazi kuna kioo cha pili. Kinyozi hukishika nyuma ya kichwa, mteja akatazama katika kioo cha mbele, akaona kisogo chake, mahali ambapo hawezi kupafikia kwa jicho wala kwa wembe wake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, nayo ni kweli ya mwili kabla ya kuwa methali: fundi hodari kuliko wote wa Biharamulo, nywele zake zikikua, huvuka barabara hadi kwa mwenzake, hukaa katika kiti kisicho chake na kuinamisha shingo. Naye pia, kabla mashine haijagusa ngozi, huvuta pumzi kusikia kama imemwagiwa.